Kufundisha Wanafunzi Misingi ya Uhuishaji wa Pande Tatu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa sekondari, wasimamizi wa klabu za kompyuta, wazazi, na wanafunzi wenyewe wanaotaka kujua wataanzia wapi. Majibu yametokana na kazi ya kufundisha vijana wa kidato cha kwanza hadi cha nne katika chumba cha kompyuta cha kawaida: mashine za mtumba, projekta moja, umeme wa kubahatisha. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo, maana utaukuta karibu kila jibu: mwendo kwanza, umbo baadaye. Vijana wengi hukata tamaa kwa sababu walianza kwa kutengeneza sura ya mtu, wakakwama puani, na hawakuwahi kuona kitu chao kikitembea.

Uhuishaji wa pande tatu ni nini hasa, na unatofautianaje na katuni za kuchora?

Katuni ya kuchora hujengwa kwa picha bapa, mchoro baada ya mchoro. Katika pande tatu, kitu chenyewe kinaundwa ndani ya kompyuta kikiwa na urefu, upana na kina. Ukishakiunda unaweza kukizunguka, kukiwekea taa, kukipangia kamera, kisha kukisogeza. Kompyuta inapiga picha moja moja, na picha hizo, yaani fremu, zikipita 24 kwa sekunde, jicho linaona mwendo. Filamu ya sekunde 10 ni fremu 240.

Mhuishaji hapangi fremu zote hizo kwa mkono. Anapanga zile za msingi, tunazoziita fremu kuu, na kompyuta inajaza zilizo katikati. Kazi nzito iko hapo, kwa sababu kompyuta haijui mpira una uzito gani wala msichana anayeruka kamba amechoka kiasi gani. Inajaza tu. Kuamua kipi kiende haraka, kipi kisite na kipi kitue kwa kishindo ni kazi ya mwanafunzi, na hiyo ndiyo tunayomfundisha.

Je, lazima mwanafunzi ajue kuchora?

Hapana. Anachohitaji ni macho ya kutazama. Hata hivyo kila mmoja awe na daftari la kuchorea watu wa vijiti, kwa sababu kupanga mwendo kwenye karatasi kunachukua dakika tano, na kuupanga upya kwenye kompyuta kunachukua kipindi kizima.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Wa miaka 12 au 13 hupata shida kidogo sana. Walio wadogo zaidi waanze na udongo wa mfinyanzi na simu: unasogeza kisanamu kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Wakija kwenye kompyuta baadaye, wazo la fremu wanalo tayari mikononi.

Tutumie programu gani?

Blender, na sisiti kuisema. Ni ya bure kabisa, haina muda wa majaribio unaoisha wala akaunti ya kufungua, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Kwa shule inayonunua bando kwa mfuko wa mwalimu, hilo la mwisho lina uzito kuliko yote.

Inafaa wanafunzi wajue ilikotoka. Ilianzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal katika miaka ya 1990, kwanza kama chombo cha ndani cha studio yake. Kampuni iliyokuwa ikiiuza ilipofungwa mwaka 2002, wawekezaji walikubali kuiachia kwa euro 100,000. Watumiaji walichanga, na fedha hizo zikapatikana ndani ya wiki saba. Tarehe 13 Oktoba 2002 programu ikawa huria. Yaani chombo ambacho kijana wa Tanga au Kakamega anakifungua leo bila kulipa senti kilinunuliwa kwa mchango wa watu wasiomjua. Huwa nawasimulia kila mwaka, na sijawahi kuona darasa lisilonyamaza likisikia habari hiyo.

Kama kuna anayesema kitu cha bure hakiwezi kutoa kazi ya maana, mwambie kuhusu *Flow*, filamu ya Gints Zilbalodis wa Latvia. Ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu bora ya uhuishaji.

Kompyuta zetu ni za zamani. Zitaweza?

Inategemea mambo mawili: kumbukumbu ya RAM na kadi ya michoro. Matoleo ya 4 ya Blender yanataka RAM ya GB 8 na kadi inayokubali OpenGL 4.3, yaani kiwango cha lugha ambayo programu hutumia kuzungumza na kadi ya michoro. Kompyuta nyingi za shule hazifiki hapo. Usizitupe. Toleo la 2.79 la mwaka 2017 linaendeshwa na mashine yenye RAM ya GB 2 na kadi ya zamani sana, na bado linapatikana kwenye hazina ya matoleo ya zamani ya Blender wenyewe. Mpira unaodunda kwenye 2.79 unadunda sawasawa na wa toleo jipya. Kumbuka tu kwamba katika toleo hilo kitu huchaguliwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ilhali kuanzia 2.80 ni cha kushoto. Usipowaambia wanafunzi mapema, kipindi cha kwanza kitaishia kwenye malalamiko.

Kuna mambo mengine madogo ambayo yataokoa muda wako. Pakua lile faili la zip badala ya lile la kusakinisha. Kwa matoleo ya 4 lina zaidi ya megabaiti 300, unalipakua mara moja, unaligawa kwa flashi, na programu inafunguka bila nywila ya msimamizi wa mfumo. Chumba kizima kitumie toleo moja, kwa sababu faili lililotengenezwa kwenye toleo jipya huweza kugoma au kuharibika likifunguliwa kwenye la zamani. Na kwa laptop zisizo na namba za pembeni wala kipanya chenye gurudumu, ingia kwenye mapendeleo, sehemu ya vifaa vya kuingizia, uwashe uigaji wa namba za pembeni na wa kitufe cha tatu cha kipanya. Kama kuna fedha kidogo tu ya kutumia, nunua vipanya vyenye gurudumu kabla ya kitu kingine chochote.

Tuna wanafunzi 40 na kompyuta 12. Tufanyeje?

Wagawe watatu watatu au wanne wanne, na kila mmoja awe na kazi yake: mmoja anashika kipanya, mwingine anaongoza akiwa na mchoro wa daftarini, wa tatu anahesabu fremu na kuandika. Kila dakika 15 wanabadilishana. Bila ratiba hiyo kipanya kinabaki kwa yule aliyekua na kompyuta nyumbani, na mara nyingi ni mvulana mmoja mwenye kujiamini. Simamia zamu kwa saa ya ukutani. Wasichana wangu wazuri zaidi katika kazi hii walikuwa kimya hadi zamu ilipowafikia.

Kipindi cha kwanza kifanywe nini?

Kidogo kuliko unavyodhani. Ukifungua Blender unakuta mchemraba, taa na kamera. Waache wacheze na mchemraba huo. Wajue kuuzungukia kwa kubonyeza gurudumu la kipanya, kusogea karibu kwa kulizungusha, kisha herufi tatu: G kuhamisha, R kuzungusha, S kukuza au kupunguza. Ukifuatisha X, Y au Z, mwendo unabaki kwenye mhimili huo (Z ni ule wa juu na chini). Ctrl na Z kurudisha kosa. Basi.

Usifungue menyu moja baada ya nyingine ukieleza kila kitufe. Programu ina mamia ya vitufe na hakuna mhuishaji anayevitumia vyote. Mwisho wa kipindi kila kundi lijenge kitu kwa michemraba mitupu: kibanda, basi, goli la mpira. Watakuwa wamefanya G, R na S mara nyingi mno bila kuhisi kwamba ni mazoezi.

Kwa nini kila mtu anaanza na mpira unaodunda? Wanafunzi wangu wanaona ni kazi ya kitoto.

Kwa sababu mpira hauna uso wa kuficha udhaifu. Hauna macho wala nguo nzuri. Una muda na nafasi tu. Mpira ukionekana mzito, ni mwanafunzi ndiye aliyeufanya mzito.

Sisi huanzia nje, uwanjani. Mwanafunzi anasimama karibu na ukuta uliopigwa alama ya mita mbili, anaachia mpira wa miguu, mwenzake anarekodi kwa simu. Wakirudi ndani wanaipitisha video fremu moja moja na kuandika mpira ulikuwa wapi. Wanagundua wenyewe jambo ambalo mwalimu wa fizikia amelisema ubaoni likapita: karibu na kilele nafasi kati ya fremu na fremu ni ndogo, na karibu na ardhi ni kubwa. Mpira unakawia juu na kukimbia chini.

Baadaye wanaipeleka hesabu kwenye kompyuta. Kitu kinachoanguka kutoka mita 2 hufika chini kwa takriban sekunde 0.64, yaani fremu 15 hivi. Tuseme mpira wetu unarudi hadi nusu ya kimo kila unapodunda. Fremu kuu zinakuwa hivi: fremu ya 1 uko juu, mita 2, ya 16 umegusa chini, ya 27 umepanda hadi mita 1, ya 38 chini tena, ya 46 nusu mita, ya 53 chini. Ongeza tufe, bonyeza S, andika 0.11, na una mpira wenye ukubwa wa ule wa uwanjani. Kitovu chake kikiwa 0.11 kwenye Z, umekaa juu ya sakafu, kikiwa 2.11, uko kileleni. Nenda kwenye kila fremu, weka kimo, bonyeza I kurekodi. Kwenye matoleo ya zamani I huleta orodha, uchague mahali. Halafu mwambie abonyeze kitufe cha nafasi aone (kwenye 2.79 ni Alt na A).

Ukishamaliza huo, mpe kazi ya kweli: mipira mitatu ya kijivu, yenye ukubwa mmoja, isiyo na rangi wala mchoro. Mmoja uwe wa kikapu, mwingine tufe la chuma la kurushwa kwenye michezo, wa tatu ule wa matambara wa kuchezea chandimu mtaani. Darasa likisie upi ni upi kwa mwendo peke yake. Wa matambara ndio unaowashinda wengi, na ndio ninaoupenda, kwa sababu karibu haudundi kabisa: unatua, unajinyanyua kidogo tu, unabingirika kwa kuyumba kwa kuwa si mviringo kamili. Mwanafunzi aliyeupatia huo ameanza kuhuisha.

Fremu zote nimeziweka sawasawa, lakini mpira unaelea kama puto. Kosa liko wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mwenye kosa ni kompyuta. Blender, isipoambiwa vingine, hulainisha mwendo kila inapokaribia fremu kuu na kila inapoiacha. Kwenye kilele hilo ni sahihi. Kwenye ardhi ni uongo mtupu: mpira unapunguza kasi kabla ya kugusa sakafu, ukitua taratibu kwa adabu, kisha unapanda taratibu.

Fungua dirisha la grafu. Utaona mstari wa Z umetengeneza mawimbi laini, juu na chini. Unachotaka ni matao: mviringo juu, ncha kali chini. Chagua nukta zote za chini, bonyeza V, uchague aina iliyonyooka ya mishikio (vile vijiti vinavyotoka kwenye nukta), halafu vuta mishikio ya kilele kwa upande hadi tao lipate tumbo pana. Cheza tena. Mwanafunzi anayeona tofauti hiyo kwa mara ya kwanza huwa anaita jirani yake.

Mwalimu, usimrekebishie wewe. Shika kiti, mwambie avute mwenyewe.

Baada ya mpira tufanye nini?

Kitu kinachoning'inia. Uzito uliofungwa kwenye kamba ya mita moja hukamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi kwa sekunde 2, yaani fremu 48, na safari hii ule ulainishaji wa kompyuta unafaa pande zote mbili. Ni vizuri wakutane na zoezi hili mara baada ya mpira, wajue kwamba chombo kilekile kinadanganya hapa na kusema kweli pale.

Kisha mchemraba wenye hisia. Mchemraba uleule wa mwanzo uingie chumbani ukiwa na woga. Uingie tena ukiwa na kiburi. Uingie ukiwa na usingizi. Hauna mikono wala macho. Zoezi hili halina hesabu na wale waliosumbuliwa na fremu za mpira hung'ara hapa.

Mwishoni kabisa wa muhula ndipo huja kutembea. Hatua moja ya mwendo wa kawaida huchukua fremu 12 hivi. Wapeleke sokoni au kituo cha daladala wahesabu: mzee mwenye bakora, kijana aliyechelewa, mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Huyo wa mwisho awachukue muda mrefu. Kichwa chake karibu hakipandi wala kushuka, na kazi yote ya kutunza maji yasimwagike inafanywa na magoti na kiuno. Mwanafunzi akishaliona hilo hatasahau kwamba uzito wa kitu huonekana kwenye mwili unaokibeba.

Zile kanuni 12 za uhuishaji, lazima wazikariri?

Kuzikariri hakusaidii. Ziliwekwa kwenye kitabu mwaka 1981 na Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wakongwe wa Disney, na mwaka 1987 John Lasseter wa Pixar akaandika makala kuonyesha zinavyofaa kwenye kompyuta. Zina thamani kubwa. Lakini ukiziandika zote ubaoni utapata wanafunzi wanaoweza kuzitaja bila kuzitumia.

Fundisha kila moja siku inapohitajika. Muda na nafasi vinajifundisha kwa mpira. Kujiandaa kabla ya tendo kunakuja siku mchemraba unapotakiwa kuruka na unaonekana kama umevutwa kwa uzi: haukuchuchumaa kwanza. Kubonyea na kunyooka kuna mtego mmoja wa hesabu unaostahili kusemwa: ujazo haubadiliki. Ukiubana mpira hadi 0.8 kwenye Z, lazima X na Y zipanuke hadi takriban 1.12 kila moja, la sivyo mpira unaonekana umepungukiwa upepo.

Basi lini tuanze kuunda maumbo?

Muhula wa pili. Kila umbo limejengwa kwa nukta, kingo zinazounganisha nukta, na nyuso zilizozibwa kati ya kingo. Tab inakuingiza ndani ya umbo uweze kushika sehemu hizo, E inachomoza uso na kuurefusha, Ctrl na R inaongeza mkato wa kuzunguka. Kwa vitu hivyo vitatu mwanafunzi anaweza kutengeneza kigoda, chungu, ngalawa, mlango wa Zanzibar ukiondoa nakshi zake. Avipime vitu halisi kwa rula kabla ya kuanza.

Sisitiza nyuso za pembe nne, hasa sehemu zitakazokunjwa. Na sisitiza uchache wa nukta. Vijana hupenda kuongeza mikato wakidhani ndio ufundi, kumbe kompyuta inalemewa na umbo linakuwa na matuta.

Na mifupa ya mhusika?

Msianze kwa kuifunga wenyewe. Kuweka mifupa ndani ya mwili na kuigawia ngozi ni taaluma kamili, na kuna watu kwenye studio kubwa ambao hawafanyi kitu kingine. Chukua mhusika wa bure aliyekwisha kufungwa mifupa. Blender Studio, iliyoko Amsterdam, hutoa kadhaa. Mwanafunzi ajifunze kumwendesha kwanza. Aliye na kiu zaidi afunge mifupa ya kitu chepesi kama taa ya mezani: mifupa mitatu inatosha.

Taa je?

Moja kubwa ya pembeni, moja hafifu ya upande wa pili, na kivuli kionekane sakafuni. Bila kivuli mpira hautulii chini hata ukiuhuisha vipi. Mengine yatasubiri.

Kurenda kunachukua muda gani?

Kurenda ni kuiachia kompyuta ipige zile fremu za filamu moja moja. Piga hesabu kabla hujabonyeza kitufe, na uwazoeze wanafunzi kuipiga. Sekunde 10 ni fremu 240. Kila fremu ikichukua sekunde 40, ni saa 2 na dakika 40. Ikichukua dakika 5, ni saa 20, na hakuna mlinzi wa shule atakayekubali chumba kikae wazi usiku kucha.

Kwa mazoezi ya mwendo msirende kwa ubora wa mwisho hata kidogo. Blender ina injini kadhaa za kurenda. Ile ya Workbench, iliyopo kuanzia 2.80, inatoa picha za kijivu kwa kasi kubwa na ndizo zinazofaa kukosolewa. Kwa filamu ya mwisho wa mwaka tumieni Eevee, nayo ni ya kuanzia 2.80, kama kadi inairuhusu. Cycles inatoa mwanga ulio karibu zaidi na halisi na inaweza kutumia prosesa pekee, ila kwa mashine za mtumba inachosha. Ukubwa wa 1280 kwa 720 unatosha kwa projekta.

Na jambo ambalo siliachi lipite bila kulisema kwa herufi nzito: renda picha moja moja za PNG, usirende video moja kwa moja. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 180 ukiwa unarenda video, faili zima limekwenda. Ukiwa na picha, unazo 179 salama na unaendelea kuanzia ya 180. Kuziunganisha kuwa video kunafanyika ndani ya Blender yenyewe kwa dakika chache. Gawa pia kazi kati ya mashine: hii fremu 1 hadi 60, ile 61 hadi 120.

Mimi ni mwanafunzi, sina kompyuta nyumbani. Naweza kujifunza kwa simu?

Unaweza kuanza. Kuna programu za Android kama Prisma3D zinazokuruhusu kuunda maumbo na kuweka fremu kuu, na yote uliyosoma hapa kuhusu mpira yanafanya kazi humo. Kioo ni kidogo na vidole vinaziba unachokiona, kwa hiyo usihangaike na maumbo magumu. Ila faida yako kubwa ni kamera. Rekodi mwendo wa vitu kila siku: kuku akikimbia, mtu akinyanyua gunia, pazia kwenye upepo. Pitisha fremu moja moja, andika daftarini. Siku utakapokaa mbele ya kompyuta ya shule utakuwa na hazina ambayo mwenye laptop hana.

Nitoeje maksi kazi za namna hii?

Mwendo upewe nusu ya maksi. Zinazobaki zigawe kati ya mpango wa daftarini, usafi wa faili na maelezo ya mdomo: mwanafunzi asimame aeleze kwa nini fremu fulani ameiweka pale. Aliyenakili kwa mwenzake hukwama hapo bila wewe kumtuhumu. Usitoe maksi za uzuri wa picha, maana utakuwa unawalipa wenye kompyuta bora.

Mimi ni mzazi. Mwanangu atapata kazi kwa mambo haya? Na si akili bandia itamaliza kila kitu?

Mama, baba, nakujibu bila kukupamba. Studio za uhuishaji katika eneo letu zipo lakini si nyingi. Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikitengeneza katuni za elimu tangu 2014, nyingi zikiwa za kuchora. Kampala kuna Creatures, wanaofanya pande tatu. Nairobi nako kuna kazi za matangazo. Nje ya filamu, wasanifu majengo wanahitaji picha za nyumba ambazo hazijajengwa, wenye viwanja wanahitaji za kuuzia, na wahandisi na walimu wa tiba wanahitaji kuonyesha jinsi vitu vinavyofanya kazi ndani. Kijana mwenye msingi mzuri hukuta vibarua hapo mapema kuliko kwenye filamu.

Akili bandia inatoa picha za kuvutia kwa haraka, na wanafunzi wetu wanaiona. Bado anatakiwa mtu anayejua kwa nini mwendo fulani ni wa uongo na ausahihishe vipi. Sisemi kwamba soko halitabadilika, litabadilika. Ila mtoto aliyejifunza kupima, kupanga, kuvumilia kazi ya wiki nzima na kupokea ukosoaji mbele ya wenzake amepata kitu hata akiishia kuwa fundi umeme.

Kazi za wanafunzi ni mali ya nani? Tunaweza kuweka muziki wa bongo fleva?

Leseni ya Blender haigusi unachokitengeneza. Filamu ni ya wanafunzi na wanaweza kuiuza. Mhusika wa bure mliyemchukua asomewe masharti yake, na mara nyingi sharti ni kumtaja aliyemtengeneza mwishoni. Muziki wa msanii una mwenyewe. Kwa darasani hamtasumbuliwa, lakini mkitaka kuuonyesha hadharani ombeni ruhusa, na wa kuwaelekeza ni ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Mimi hupendelea wanafunzi warekodi sauti zao: ngoma ya klabu ya utamaduni, mlango wa darasa, miguu kwenye changarawe.

Umeme umekatika na mwanafunzi hakuwa amehifadhi. Kazi imepotea?

Huenda sehemu kubwa ipo. Blender hujihifadhia nakala kila baada ya dakika mbili isipozuiwa. Umeme ukirudi, fungua programu, nenda kwenye menyu ya faili, sehemu ya kurejesha, na uchague nakala ya kujihifadhi iliyo na saa ya karibu zaidi. Ukiifungua, ihifadhi hapo hapo kwa jina jipya. Kama faili lilikuwa limewahi kuhifadhiwa, angalia pia kando yake: kuna lenye jina lilelile linaloishia na .blend1, hilo ni lile la kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho. Libadilishe jina liishie na .blend na litafunguka kama kawaida. Kwenye kompyuta zinazofutwa kila zinapozimwa, kama zile za baadhi ya maabara, nakala hizo hazitakuwepo. Hapo badilisha kwenye mapendeleo folda ya muda iwe kwenye diski isiyofutwa, na ufanye hivyo kabla ya muhula kuanza.